Spika Iliyofichwa Kichakani

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, kazi yangu ya kila msimu wa mahindi ilikuwa kukaa juu ya dungu katika shamba la bibi yangu, huko Handeni, na kuamia tumbili. Nilikuwa na kombeo, debe bovu la kugonga, na mbwa mmoja mzee. Tumbili walikaa ukingoni mwa msitu wakitutazama. Bibi alipokuwa peke yake akipalilia, walishuka na kuvunja mahindi hatua chache tu kutoka aliposimama, hata akipiga kelele namna gani. Lakini mjomba alipotokea kwenye njia ya kisimani, wao walikuwa wamekwisha kutoweka kabla mimi sijamwona. Siku moja bibi alivaa koti la mjomba na kofia yake, akashika panga lake, akalizunguka shamba lote kwa mwendo wa kiume. Tumbili walimtazama, kisha wakaendelea kula. Bibi akarudi dunguni, akavua koti, akaniambia kama mtu aliyekwisha kuthibitisha jambo: "Mjukuu wangu, hawa hawaogopi nguo. Wanamjua mtu."

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi, mwanafunzi aliponiuliza kama wanyama wanafikiri, nilimjibu kwa neno moja: silika. Nilimweleza kwamba mnyama hutenda kwa sababu ameumbwa kutenda hivyo, na kwamba tukisema tumbili "anajua" tunamvika mnyama nguo zetu sisi. Jibu hilo lilikuwa jepesi, tena lilisikika kuwa la kisayansi, na nilikuwa nimemsahau bibi na koti lake. Nililiacha baada ya kusoma kwa makini yale yaliyofanywa katika nyika ya Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, tangu miaka ya 1960, na katika andiko hili nataka kueleza kwa nini.

Lugha yetu yenyewe haina kauli moja juu ya suala hili. Katika Kiswahili mnyama hupewa upatanisho uleule wa mtu: tembo amekuja kama vile mgeni amekuja, na hata sisimizi, tunayemkanyaga bila kujua, tunasema anapita, hatusemi kinapita. Mti mkubwa wa mbuyu hauna heshima hiyo. Lakini lugha hiyohiyo ina neno "mnyama" ambalo ndani yake mna neno "nyama", na mtu akitaka kumtukana mwenziwe kwamba hana akili wala huruma, humwita mnyama au hayawani. Sidai kwamba sarufi ni ushahidi wa kisayansi, kwa maana wahenga walioiunda hawakuwa wakifanya majaribio. Nasema tu kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili hatulianzi swali hili tukiwa mikono mitupu, na kwamba mvutano ulio katika maneno yetu ndio mvutano uleule ambao watafiti wamehangaika nao kwa zaidi ya karne moja.

Hofu ya watafiti ilikuwa na sababu ya haki. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyesemekana kujua hesabu. Akiulizwa jumla ya namba mbili, Hans aligonga ardhi kwa kwato mpaka afike kwenye jibu, kisha akaacha. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza na haikuona ulaghai wowote. Ni Oskar Pfungst aliyelifumbua fumbo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1907: muulizaji asipojua jibu, au asipoonekana na farasi, Hans naye hakujua lolote. Farasi alikuwa akisoma miondoko midogo sana ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anaifanya, na alipoona mwili umelegea kwa sababu kwato zimefika kwenye jibu, aliacha kugonga.

Kisa hicho hufundishwa kama onyo, nami nimekifundisha hivyo, sambamba na kanuni aliyoiweka Conwy Lloyd Morgan mwaka 1894 kwamba tusieleze tendo la mnyama kwa uwezo wa juu wa akili ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Kanuni hiyo ni nzuri na bado ninaishika. Hata hivyo, nikirudi kwa Hans baada ya miaka yote hii, naona kwamba watu walimuuliza swali lao, la hesabu, na waliposhindwa kupata hesabu wakaona hapakuwa na kitu. Kitu kilikuwapo. Farasi alikuwa na ustadi wa kumsoma binadamu kupita wataalamu wote waliokuwa wamemzunguka, na ustadi huo hawakuwa wamefikiri kuuliza habari zake.

Hapo ndipo Amboseli inapoingia, kwa sababu huko watafiti walipata namna ya kumuuliza mnyama swali ambalo ni lake yeye, kwa sauti ambayo ni yake.

Mwaka 1967 Thomas Struhsaker aliandika kwamba tumbili wa Amboseli wana milio ya tahadhari inayotofautiana kulingana na adui aliyeonekana. Wakisikia mlio wa chui, hukimbilia mitini. Wakisikia mlio wa tai, hutazama juu au hujitosa vichakani. Wakisikia mlio wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kuyachungulia majani yaliyowazunguka. Jambo hili lilikuwa la ajabu, lakini lilikuwa na mwanya ambao mtu wa kanuni ya Morgan angeupita mara moja: huenda milio yote mitatu ni vilio vya hofu tu, vyenye hofu kubwa au ndogo, na tumbili anayekisikia kilio hutazama huku na huku, akamwona chui au tai mwenyewe, na hapo ndipo anapojua afanye nini. Katika maelezo hayo mlio hausemi chochote kuhusu chui. Macho ndiyo yanayosema.

Mwaka 1977 Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walikwenda Amboseli kuuziba mwanya huo, wakifanya kazi pamoja na Peter Marler. Walirekodi milio ya tumbili waliowafahamu mmoja mmoja, wakaficha spika kichakani, wakasubiri mpaka kundi limetulia na pasiwe na adui yeyote karibu, ndipo wakapiga mlio mmoja huku kamera ikiwachukua picha za sinema. Chui hakuwapo, tai hakuwapo, chatu hakuwapo. Kilichokuwapo ni sauti peke yake. Tumbili walikimbilia mitini kwa mlio wa chui, walitazama juu kwa mlio wa tai, na walichungulia chini kwa mlio wa nyoka. Watafiti wakaurefusha mlio na kuufupisha, wakauongezea nguvu na kuipunguza, ili waone kama kiasi cha hofu ndicho kinachoamua, na mwitikio ukabaki uleule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980, na sijui jaribio jingine la biolojia lililofanywa katika ardhi ya Afrika Mashariki ambalo ningependa kila mwanafunzi wangu alielewe kuliko hilo, kwa sababu vifaa vyake ni vya kawaida kabisa na hoja yake haina tundu.

Watoto wa tumbili wana makosa yanayofundisha. Mtoto mchanga hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, kwa korongo anayepita, hata kwa jani linaloanguka kutoka mtini; lakini hapigi mlio wa tai kwa chui. Yaani tangu mwanzo anajua kwamba kitu cha hewani ni fungu moja na kitu cha ardhini ni fungu jingine, ila hajui mipaka ya fungu ilipo, naye huisogeza mipaka hiyo kadiri anavyokua, mpaka anabaki na ndege wachache ambao kweli huwala tumbili. Mwanangu alipoanza kusema, kila mnyama wa miguu minne alikuwa ng'ombe.

Kisha Cheney na Seyfarth wakauliza swali gumu zaidi. Walirekodi ukemi wa mtoto, wakangoja mpaka mama yake awe amekaa karibu na spika pamoja na majike wengine wawili wenye watoto wao, na mtoto mwenyewe awe haonekani. Mama alipousikia ukemi alitazama kwenye spika, jambo ambalo halishangazi. Wale majike wawili walimtazama mama. Nilipoisoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Ili jike amtazame mama wa mtoto anayelia, ni lazima ajue kwamba sauti ile ni ya mtoto fulani, na kwamba mtoto yule ni wa jike yule, na ujuzi huo haumhusu yeye wala mwanawe. Ni ujuzi wa mambo ya watu wengine, ule ambao kijijini kwetu ungemfanya mtu aitwe mjuzi wa koo.

Lipo na jaribio la msikilizaji anayepoteza imani. Tumbili wana milio miwili, isiyofanana kabisa kwa sauti, ambayo yote huashiria kwamba kundi jingine linakuja. Watafiti walipiga mlio wa kwanza wa tumbili mmoja tena na tena bila kundi lolote kutokea, mpaka wenziwe wakaacha kumjali. Halafu wakapiga mlio wake wa pili. Wenziwe hawakuujali huo pia, ingawa sauti yake ilikuwa tofauti. Lakini mlio huohuo wa pili ukitoka kwa tumbili mwingine, walishtuka na kutazama. Kwa hiyo hawakuwa wamechoshwa na sauti. Walikuwa wamemkinai msemaji, tena katika habari moja tu, ile ambayo alikuwa ameisema bila ukweli.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kosa wanalofanya wengi wanaowapenda wanyama, nalo ni kuhesabu ushindi na kuficha mapungufu. Watafiti haohao waliweka mzoga wa swala juu ya mti, mahali ambapo chui peke yake huweka mzoga, na tumbili hawakuonyesha wasiwasi. Waliona tumbili wakiufikia mburuzo wa chatu mchangani, mburuzo ambao mtoto wa binadamu angeukimbia, nao wakaendelea kuufuata hadi kichakani alimokuwamo chatu mwenyewe, ndipo wakashtuka. Na yuko dume aliyeitwa Kitui, mnyonge katika kundi lake, ambaye mara kadhaa dume mgeni alipotaka kujiunga na kundi alipiga mlio wa chui pasipo chui yeyote, na mgeni akarudi mtini na kubaki huko. Mtu akiishia katika sentensi hiyo atasema Kitui ni mwongo hodari. Lakini Kitui aliendelea kupiga mlio huohuo huku yeye mwenyewe akishuka kutoka mtini na kutembea uwandani, mahali pa wazi ambapo tumbili anayeamini kwamba chui yuko karibu asingethubutu kupita. Alijua kwamba mlio huleta matokeo fulani. Inaonekana hakujua kwamba mlio huweka jambo katika akili ya mwenziwe, na kwamba kutembea kwake kungeliondoa.

Naona thamani kubwa katika mapungufu hayo. Mbinu inayoweza kujibu "hapana" ndiyo inayostahili kuaminiwa inapojibu "ndiyo". Tena picha inayojitokeza si ya binadamu mdogo mwenye mkia. Ni ya kiumbe mwenye akili iliyokolea katika mambo ya jamaa, urafiki, cheo na ugomvi, na nyepesi sana katika kusoma alama za vitu. Tumbili huyohuyo asiyejua maana ya mburuzo wa chatu hutofautisha milio miwili ya tahadhari ya ndege aina ya kwezi, akatazama juu kwa mmoja na kukimbilia mitini kwa mwingine. Alama isiyo na sauti ya kiumbe haimwambii kitu. Sauti ya kiumbe, hata cha jamii nyingine, anaielewa.

Tembo wa Amboseli walianza kufuatiliwa mwaka 1972, Cynthia Moss alipoanzisha utafiti ambao haujakatika hadi leo. Familia za tembo zinajulikana kwa majina, na kila tembo anatambuliwa kwa mikato na mishipa ya masikio yake. Wakenya Soila Sayialel, Katito Sayialel na Norah Njiraini wameifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na majina yao yamo katika makala za kisayansi nitakazozitaja; nasisitiza jambo hilo kwa sababu mara nyingi hadithi za utafiti wa Afrika husimuliwa kana kwamba waliokuwapo ni wageni peke yao. Bila watu wanaojua ni nani dada wa nani, na nani alikufa katika ukame upi, spika ingekuwa chombo cha kupigia kelele tu.

Karen McComb alikuja na spika kubwa zaidi, kwa kuwa mingurumo ya tembo ina sehemu iliyo chini ya kiwango cha masikio yetu na spika ya kawaida haiwezi kuitoa. Mwaka 2001 yeye na wenzake walionyesha kwamba familia inayoongozwa na jike mzee zaidi hutofautisha vizuri zaidi sauti za tembo wanaofahamiana nao na sauti za wageni, ikajikusanya kwa kujihami panapohitajika na kubaki imetulia pasipohitajika, na kwamba familia hizo hupata watoto wengi zaidi. Mwaka 2011 walipiga ngurumo za simba, simba mmoja au watatu, jike au dume. Simba dume ni hatari zaidi kwa ndama wa tembo, kwa kuwa anaweza kumwangusha peke yake. Familia zilizoongozwa na majike waliopita miaka 60 ndizo zilizoitambua vizuri hatari ya sauti ya dume. Mwindaji wa pembe anayemuua jike mwenye pembe ndefu kwa sababu ni mzee anaondoa, kwa risasi moja, ujuzi ambao familia nzima iliutegemea.

Sasa narudi shambani kwa bibi. Amboseli kuna Wamasai wafugaji na Wakamba wakulima. Kwa miaka mingi wanaume wa Kimasai, katika kugombea maji na malisho, au kulipiza kisasi, wamekuwa wakiwachoma tembo mikuki mara kwa mara. Wakamba kwa jumla hawakuwa tishio la namna hiyo. Mwaka 2007 Lucy Bates na wenzake, Katito Sayialel na Njiraini wakiwamo, waliwawekea tembo nguo zilizovaliwa kwa siku tano na mwanamume wa Kimasai, au wa Kikamba, na nguo safi zisizovaliwa na mtu. Tembo waliisikia harufu, hawakumwona mtu. Harufu ya Mmasai iliwafanya wakimbie kwa kasi zaidi, waende mbali zaidi na wakawie zaidi kutulia, wakitafuta majani marefu ya kujificha. Nguo nyekundu isiyo na harufu ya mtu, ya rangi ya shuka la moran, haikuwakimbiza. Iliwakasirisha kuliko nguo nyeupe. Yaani harufu iliwaambia kwamba mtu mwenyewe yuko karibu, na rangi bila harufu haikuwaambia hivyo.

Jaribio la mwaka 2014 lilikuwa la sauti. McComb, Graeme Shannon, Katito Sayialel na Moss walirekodi watu wakisema maneno haya kwa Kimasai na kwa Kikamba: "Tazama, tazama kule, kundi la tembo linakuja." Waliosema walikuwa wanaume wa Kimasai, wanaume wa Kikamba, wanawake wa Kimasai, na wavulana. Kwa sauti ya mwanamume wa Kimasai tembo walijikusanya, wakainua mikonga kunusa hewa, wakaondoka kimyakimya. Kwa sauti za Wakamba, za wanawake na za wavulana hawakufanya hivyo kwa kiasi hicho. Halafu watafiti wakaibadilisha sauti ya mwanamume kwa kompyuta ili iwe nyembamba kama ya mwanamke, na ya mwanamke iwe nzito kama ya mwanamume. Tembo hawakudanganyika.

Hilo ndilo koti la mjomba. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikuwa amefanya jaribio lenye mantiki ileile: alibadilisha alama moja ya nje, akaacha mengine yote kama yalivyo, akatazama kama mnyama ataifuata ile alama au atamfuata mtu. Sipendi kumpamba kuliko alivyokuwa. Hakuwa na jaribio la kulinganisha, na tumbili wachache wa shamba moja si ushahidi wa kutosha. Lakini aliuliza vizuri, na mimi mwenye shahada nilikuwa nikiwajibu wanafunzi wangu "silika" kwa miaka kumi na mitano.

Mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake, wakitumia mingurumo 469 iliyorekodiwa Amboseli na Samburu kati ya 1986 na 2022, walitoa ushahidi kwamba tembo huitana kwa kitu kinachofanana na jina. Programu ya kompyuta iliweza kutambua tembo anayeitwa katika asilimia 27.5 ya mingurumo, kiwango cha juu kuliko cha kubahatisha, na tembo 17 waliopigiwa mingurumo hiyo waliitikia kwa haraka na kwa nguvu zaidi walipopigiwa ule uliokuwa umeelekezwa kwao kuliko ule ambao muitaji yuleyule alikuwa amemwelekezea tembo mwingine. Magazeti yalishangilia. Mimi nashangilia kwa tahadhari zaidi, maana bado haijathibitishwa kwamba tembo wote humwita mwenzao mmoja kwa jina lilelile, na asilimia 27.5 inaacha mingurumo mingi bila maelezo.

Msomaji anaweza kusema kwamba mpaka hapa nimezungumzia ujuzi, sijazungumzia fahamu. Ni kweli, na Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu tunasema mtu "amefahamu" somo, na tunasema mgonjwa "amepoteza fahamu", kana kwamba ni kitu kimoja. Mgonjwa aliyezinduka anaweza asifahamu lolote kuhusu mahali alipo, lakini fahamu zimemrudia: maumivu yanamuuma yeye, mwanga unamchoma yeye. Spika huuliza juu ya maana ya kwanza. Inaweza kutuambia kwamba Kitui hakujua yaliyomo katika akili ya mwenziwe, lakini haiwezi kutuambia kwamba Kitui hakuhisi hofu alipomwona mgeni; mtoto wa binadamu wa mwaka mmoja naye hajui yaliyomo katika akili za wengine, na hakuna mzazi anayesema kwamba kwa sababu hiyo haumwi.

Kwa maana hii ya pili, ushahidi hukusanywa kutoka pande nyingine, hasa ubongo na namna mnyama anavyotenda penye maumivu. Tarehe 7 Julai 2012, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kundi la wataalamu wa ubongo lilitangaza kwamba binadamu si peke yake mwenye miundo ya ubongo inayozalisha fahamu, na kwamba mamalia wote, ndege, na viumbe wengine wengi akiwamo pweza, wana miundo inayotosha. Aprili 2024 tamko jingine, lililotolewa New York, lilisema kwamba uthibitisho kwa mamalia na ndege ni wa nguvu, na kwamba uwezekano wa kweli upo kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo na kwa wengi wasio nao, wakiwamo pweza, kaa na wadudu. Uingereza ilikuwa imekwisha kuwaingiza pweza, kaa na kamba katika sheria yake ya mwaka 2022 ya wanyama wenye hisia. Mimi ninaishi Tanga, mahali ambapo pweza ni kitoweo cha kila wiki, nami ninamla. Nimeanza kumuuliza muuzaji jinsi anavyomuua, na ninanunua kwa yule anayemuua mara moja.

Linabaki jambo la kifo, ambalo wanafunzi huliuliza kuliko jingine lolote. Mwaka 2006 McComb, Lucy Baker na Moss waliwawekea tembo wa Amboseli mafuvu ya tembo, nyati na kifaru, na vipande vya pembe za ndovu na vya mti. Tembo walivutwa zaidi na pembe, na walilichunguza fuvu la tembo kuliko mafuvu mengine, wakiligusa kwa mikonga na kulipapasa kwa nyayo. Lakini familia zilipowekewa fuvu la jike kiongozi wao aliyekufa, pamoja na mafuvu ya viongozi wa familia nyingine, hazikulipendelea lao. Inaelekea mfupa hauwaambii ni wa nani.

Sauti iliwaambia. Katika makala ya mwaka 2000 iliyoonyesha kwamba jike huweza kutambua sauti za majike wengine wapatao 100, McComb na wenzake waliandika pia kuhusu tembo mmoja ambaye mngurumo wake wa kuita ulikuwa umerekodiwa kabla hajafa. Miezi 3 baada ya kifo chake waliipigia familia yake sauti hiyo, na tena miezi 23 baada ya kifo chake. Familia iliitika, ikasogea kuelekea ilikotoka sauti.

Nililieleza jambo hilo darasani muhula uliopita. Kwa kawaida, nikifika kwenye tembo, mikono huinuka kwa wingi. Safari hii ulikuwapo mkono mmoja tu, wa binti anayekaa dirishani, aliyempoteza mama yake mwaka juzi. Aliuliza: "Mwalimu, walipofika pale, wakamkosa, walifanya nini?" Nilimwambia kwamba jaribio halikuuliza hivyo. Akaniuliza kama kuna atakayeuliza. Niliandika swali lake ubaoni, na kengele ilipolia sikulifuta.